Amana ya Mahema

Mama yangu, Bi Mboni, aliuawa na mvua, na mvua ile ningeweza kuizuia kwa maneno matatu. Nayasema haya mapema ili asitokee mtu akasoma nusu akaanza kuwalaani wageni peke yao. Wageni nitawalaani mwenyewe, zamu yao itafika. Lakini na mimi nimo.

Shamba letu la minazi liko Ushongo, linaanzia nyuma ya nyumba na kuishia mchangani. Mwaka juzi vijana kutoka Dar es Salaam waliandaa tamasha la muziki pale ufukweni, wakawa wanatafuta mahali wageni wao watapiga kambi kwa siku tatu. Kamati ya kijiji ikatuomba shamba. Baba, Mzee Hatibu, alikuwa ametutoka miezi sita nyuma. Mama alikuwa ameshamaliza eda yake, miezi minne na siku kumi kamili, lakini alikuwa bado hatoki ndani. Kutwa yuko kitandani anaangalia ukuta. Ukimsemesha anakujibu neno moja, ukimpa chakula anaonja kama anayepima chumvi, basi. Nilimtazama anavyopungua, na sikuwa na la kufanya.

Mimi ni Zuwena, mtoto wake wa pekee. Nauza chai na vitumbua. Nimeolewa mara mbili nikaachwa mara mbili, na waume wote walitoa sababu moja: ulimi. Walikuwa na haki. Sijawahi kuona jambo nikalinyamazia, isipokuwa mara moja.

Kabla baba hajafa, mimi na mama tulisuka viungo mia nne vya makuti. Vilikuwa vya kuezekea upya upande wa chumba chao, maana paa la upande ule lilikuwa limekwisha, ukilala chali unaona mawingu yanapita. Msiba ukaingia, makuti yakabaki yamepangwa nyuma ya jiko. Sasa akaja Robert. Huyo ndiye kijana wa waandaaji aliyeshughulikia kambi, mpole, kofia kichwani, shikamoo zake zinamiminika hata kwa watu aliowazidi umri. Akayaona makuti, akayaomba kwa ajili ya vibanda vya vyakula.

“Jumatatu asubuhi, mama, yote yanarudi hapa hapa,” alisema mlangoni.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mama, kutoka kitandani, akanitangulia. “Mpe, Zuwena. Mgeni njoo, mwenyeji apone.”

Ilikuwa sentensi yake ndefu kuliko zote za wiki ile. Niliona vibaya kuipinga. Makuti yakaenda.

Tamasha lenyewe silisingizii. Watoto wa watu walicheza, waliimba, waliogelea, vitumbua vyangu vilikuwa vinaisha kabla ya saa tatu asubuhi. Walinikumbatia, wakaniita anti, wakanipiga picha na kikaango changu. Jumapili usiku waliwasha moto mkubwa ufukweni, nikauona nikiwa nyumbani, nikasema moyoni hawa wamepata wapi kuni nyingi vile.

Jumatatu asubuhi nilikwenda shambani kudai makuti. Magari yalikuwa yameshaondoka. Vibanda vyote vilikuwa vimeezuliwa, na pale palipokuwa na moto lilikuwako jivu jepesi la makuti, linapeperuka. Nilisimama pale nikatukana hadi nikachoka. Halafu nikageuka nikaliangalia shamba.

Chupa za maji, chupa za pombe, makopo, sahani za karatasi, taulo za kufutia watoto, soksi, mifuko ya biskuti. Mipira ya kiume, ambayo niliifukia haraka kwa mguu. Mawimbi yalikuwa yameanza kuchukua vilivyo karibu na maji na kuvirudisha, kuvichukua na kuvirudisha. Na katikati ya minazi, yamesimama, zipu nusu wazi, mahema. Niliyahesabu. Thelathini na moja.

Nikasikia sauti nyuma yangu: “Hodi!”

Alikuwa mama. Amejitanda kanga, miguu mitupu, amesimama mbele ya hema la kwanza. Miezi sita hakuvuka kizingiti cha mbele, na leo kelele zangu zimemtoa. Akangoja kidogo, akaenda hema la pili. “Hodi wenyewe!” Akaenda la tatu. Alibisha hodi mahema yote thelathini na moja, hakuruka hata moja, na hakuchungulia ndani mpaka alipomaliza.

“Wamekwenda wapi?” akaniuliza.

“Wamekwenda kwao.”

“Mtu haendi kwao akaiacha nyumba yake imesimama, Zuwena. Watu hawa wamepata msiba. Wameitwa ghafla, masikini, wakakimbia.” Akashika kitambaa cha hema moja la kijani, akakipapasa kama mtu anayenunua doti dukani. “Haya hayawezi kukaa juani hivi. Ni amana.”

Nilitaka kucheka. Lakini nilimwangalia usoni, na macho yake yalikuwa yananiangalia mimi, siyo ukuta.

Jioni ile ile alimwita Shekhe Uweso, imamu wetu, akamuuliza hukumu ya kitu cha kuokota. Shekhe alikaa barazani kwetu, akanywa chai yangu, akasema lile ambalo kila mtoto wa chuo cha Kurani analijua: kitu chenye thamani kikiokotwa, kinaandikwa sifa zake, kinahifadhiwa, kinatangazwa mwaka mzima. Mwaka ukipita na mwenyewe hakutokea, aliyekiokota anaweza kukitumia.

“Labda,” akaongeza, “iwe mwenyewe amekiacha kwa hiari yake, hakitaki tena. Hapo si cha kuokota tena. Ni halali yako siku hiyo hiyo.”

“Nani atauacha mlango wake kwa hiari?” mama akasema.

Nilikuwa nimesimama pale na birika mkononi. Nililisikia neno la Shekhe, silitafutii kisingizio.

Alhamisi nilipiga simu namba iliyokuwa kwenye bango la tamasha. Akapokea Robert. Nikamweleza habari ya mahema, nikamuuliza wenyewe wanakuja lini.

“Aah, anti, hayo wameyaacha,” akasema. Nyuma yake kulikuwa na watu wanacheka. “Yananunuliwa rahisi tu. Kuyakunja ni kazi, kwenye basi hayana nafasi. Kila tamasha iko hivyo. Yachomeni. Au yatumieni, sawa tu.”

“Na makuti yetu?”

“Makuti gani?”

Nilimjibu inavyostahili, akakata simu. Nikaondoka nyumbani mbio kwenda kumwambia mama. Nilikuwa nimeyapanga maneno kabisa: Mama, wameyaacha wenyewe. Matatu tu. Tungechukua mahema yale, tungeyafungua mishono, tungeezeka upande wote wa chumba chake kabla ya vuli, na mambo ya makuti tungeyasahau.

Nilimkuta kisimani. Kanga ameifunga kifuani, nyingine kichwani, mikono ina povu hadi kwenye viwiko. Mahema kumi alikuwa ameshayafua na kuyaanika kwenye kamba kati ya minazi, la bluu, la njano, la rangi ya chungwa, shamba zima linapepea. Alikuwa anaimba, wimbo wa harusi wa zamani aliouimba baba alipokuwa akitaka kumchokoza. Aliponiona akanyoosha mgongo.

“Zuwena, nina njaa,” akasema. “Umepika nini leo?”

Sikumbuki niliyaweka wapi yale maneno. Nilirudi nikampikia wali na samaki wa nazi, akala sahani nzima, akaomba ukoko. Nikasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho yake alikuwa anatafuta daftari. Keshokutwa alikwenda kwa miguu hadi kwa Shekhe. Nikasema nitamwambia akishapata nguvu. Hivyo ndivyo nilivyofanya, siku baada ya siku, na kila siku ilikuwa na sababu yake nzuri.

Daftari lile ninalo hapa. Mama hakusoma skuli, alisoma chuoni, kwa hiyo aliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kutoka kulia. “Hema la tatu: njano, fimbo moja imevunjika. Ndani: miwani ya jua, kitana.” “Hema la kumi na nne: kijani, mlangoni pana picha ya nyota ya kubandika, ubavuni limechanika shubiri mbili. Ndani: mswaki wa rangi ya waridi, kandambili ya mguu wa kushoto.” Vitu vya kila hema alivifunga kwenye kitambaa chake. Lile la kijani alilishona mwenyewe, akatia kiraka cha kanga yake ya kisutu, kanga ambayo baba alimletea kutoka Tanga mjini nilipozaliwa. Nikamwambia, mama, kanga hiyo? Akasema mwenye hema asije akarudi akaona siye ndio tuliolichana.

Shekhe Uweso hakutangaza ndani ya msikiti, kwa kuwa kitu kilichopotea hakitangazwi humo. Alitoka barazani baada ya sala ya Ijumaa, akasema kwa sauti yake nene: “Aliyepoteza hema, lolote, aende kwa Bi Mboni, ataje sifa zake.” Waliokuwa wanavaa viatu ni wavuvi na wakwezi wa minazi. Hakuna aliyepoteza hema. Walicheka kwa adabu, na baada ya wiki chache mama alipata jina: Meneja wa Mahema. Alilisikia, akalipenda. Kila mwezi alimkumbusha Shekhe, na kila mwezi Shekhe alitangaza. Mama alikuwa anakula, anatembea, anagombana na mimi. Niliuona uongo wangu kuwa ndiyo dawa yake, na mtu gani anamwaga dawa?

Chumba cha mama kina upande mmoja usiovuja, ule wa ukuta wa jikoni. Mahema yaliyokunjwa aliyapanga pale, juu ya ubao, akayafunika shuka. Kitanda chake cha kamba akakisogeza upande wa pili. Vuli ya mwaka ule ilikuwa kidogo, mvua zikapita kwa aibu. Kusuka viungo mia nne vingine hatukuwahi, tuliezeka vipande vya kumba, makuti ya haraka haraka, pale palipokuwa pabaya zaidi. Nikajipa moyo.

Masika hayakuona aibu.

Yalianza katikati ya Machi na hayakukatika. Maji yalipita kwenye paa kama paa halipo. Tuliweka mabeseni, sufuria, ndoo, hata bakuli la vitumbua vyangu. Nilimwomba mama ahamie chumbani kwangu, akasema chumba chake ni alichoishi na mumewe miaka arobaini na tatu. Nikamwambia basi tusogeze mahema, alale yeye pale pakavu.

“Amana hailoweshwi,” akasema. “Mie nikiloa nitakauka.”

Alikuwa ameanza kukohoa. Siku hiyo, saa kumi jioni, mvua inapiga, mama amekaa juu ya kitanda amejikunyata na beseni mapajani, nilishindwa.

“Mama,” nikasema, “mahema yale hayana mwenyewe. Nilimpigia simu Robert. Amesema wameyaacha, hawayataki, tuyachome au tuyatumie.”

Aliniangalia. “Amekwambia lini?”

“Siku ile unayafua. Alhamisi.”

“Alhamisi ipi?”

“Ya kwanza. Baada ya tamasha.”

Alihesabu kimya, nikaona midomo yake inavyokwenda. “Miezi saba,” akasema. “Shekhe amesimama barazani mara saba, na weye unalijua hilo, umekaa kimya? Weye?” Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Akatabasamu, akanyoosha mkono akanishika shavu. “Mwanangu, nakujua. Umechoka na mvua hino, unanionea huruma. Lakini usimzulie mtu neno ili mie nilale pakavu. Mwaka haujatimia.”

“Wallahi mama, kweli!”

“Usiape.”

Nilimpigia Robert hapo hapo, nikaweka sauti ya nje ili mama asikie mwenyewe. Namba haikuwa inapatikana. Nilipiga tena kesho yake, na keshokutwa. Pengine alishabadilisha. Watu hawa hata namba zao wanaziacha zimesimama. Nilikwenda kwa Shekhe Uweso, akaja, akamwambia mama kwamba huenda nasema kweli. Mama akamjibu, “Shekhe, ungekuwa na neno la kumtoa mama yako kwenye mvua, ungelinyamazia miezi saba?” Shekhe akaniangalia mimi. Jibu langu lisingeingia akilini mwa mtu mwema. Ningesema nini? Kwamba ulikuwa unaimba, mama? Kwamba ulisema una njaa?

Basi nikatumia ubavu. Wiki ya pili ya Aprili mama alikwenda kumpa pole jirani. Nilitoa hema la kijani, lile kubwa, nikapanda kwenye paa, nikalitandaza juu ya upande wa kitanda chake, nikalifunga kwa kamba za mnazi. Mvua ikaja nikiwa nashuka. Niliingia chumbani nikasimama pale katikati, nikasikiliza. Halikudondoka hata tone. Niliona raha, nilicheka peke yangu kama mwehu.

Mama alirudi, akalikuta. Mimi nilikuwa jikoni, sikumsikia alipofika. Nilichosikia ni kishindo. Nilipotoka nilimwona uani, mvua inamwagika, ana upondo mrefu wa kuangulia maembe, analivuta hema kutoka juu. Mwanamke wa miaka sabini na moja. Kanga imemganda mwilini. Nilimpigia kelele, nilimshika kiuno, akanisukuma kwa nguvu nisizojua kuwa anazo. Alilivuta hadi likaanguka, akalibeba ndani, akavua kanga yake ya juu, iliyobaki kavu kidogo kwapani, akaanza kulifuta hema. Alilifuta lote. Meno yanagongana. Alipofika kwenye kiraka cha kisutu akakikamua kwa vidole taratibu, kipande kwa kipande.

“Nitawaambia nini wenyewe?” alikuwa anasema. “Watasema tumelilalia.”

Usiku ule homa ikampanda. Siku ya pili nikamtia kwenye bajaji, tukavuka kwa kivuko hadi hospitali ya Pangani. Nimonia, walisema, mapafu yote mawili. Wauguzi walifanya walichoweza, sina neno nao. Kitanda chake pale kilikuwa chini ya bati zima, pakavu kabisa, na mimi kila nikiliangalia lile bati nilikuwa naona haya.

Siku ya nne aliniita karibu.

“Mwaka unatimia Mfunguo Tano,” akasema. Pumzi zilikuwa fupi. “Tamasha likirudi, wapelekee. Waite, mmoja mmoja. Asiyekuja, ndipo liwe lako. Uezekee.”

“Nitafanya, mama.”

“Na yule wa hema la kijani... mwambie siye hatukulichana.”

Hakuniuliza tena habari ya simu. Nilitaka anitazame aseme kwamba ananiamini. Alilala, na alfajiri alikuwa ameondoka.

Tulimzika hapo hapo Ushongo, kando ya baba. Siku tatu za matanga mvua haikuacha. Turubai la kijiji lina matundu, wanawake waliokuja kunihani walikaa wameloa, watoto wamejifunika masinia vichwani, na ndani, hatua kumi kutoka pale, kuna mahema thelathini na moja makavu. Hakuna aliyethubutu kuyataja. Wote walisema jambo moja: marehemu alikuwa mwaminifu. Wakanishika mikono wakasema, Zuwena, una bahati ya mama. Nikainamisha kichwa. Nilinyamaza tena.

Agosti tamasha likarudi. Robert hakuwapo, walikuja wengine, shikamoo zile zile. Nikawapa shamba kwa sababu ya wasia, makuti nikawaambia yameisha. Ijumaa mchana nilikodi mkokoteni, nikapakia mahema yote na vifurushi vyake, nikaenda nikakaa kwenye lango la kambi na daftari la mama. Nikaanza kusoma kwa sauti, kuanzia hema la kwanza. Vijana walisimama wakaniangalia. Wengine walitoa simu wakanirekodi. Mmoja alichungulia daftari akauliza kama ni mambo ya kiganga. Nilisoma hadi hema la kumi na tatu, hakuna aliyejitokeza.

“Hema la kumi na nne,” nikasoma. “Kijani, mlangoni pana picha ya nyota ya kubandika.”

“Hee!” Msichana mmoja mwenye nywele za kusuka nyekundu alijipenyeza mbele. “Jamani, si letu hili? Nyota niliibandika mimi!” Alilishika, akaliona jinsi lilivyokunjwa, akafungua kifurushi, akatoa mswaki wake na kandambili yake ya mguu wa kushoto. Akacheka hadi machozi yakamtoka, akanikumbatia. Aliitwa Blessing, kwao Arusha. Si mtoto mbaya. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na ingekuwa rahisi kwangu kama angekuwa mbaya.

“Mliliacha kwa nini?” nikamuuliza. “Mlipata msiba?”

“Msiba?” Akashangaa. “Hapana, anti. Tulichoka tu.”

Nikashika ukingo wa mkokoteni.

Aliona kiraka. “Na hii nani ameishona? Nzuri!”

“Mama yangu. Amesema nikwambie siye hatukulichana. Tulilikuta hivyo.”

“Jamani! Tulilichana wenyewe. Mwambie asante sana.”

“Nitamwambia,” nikasema. “Lakini safari hii ukiondoka, ondoka nalo. Nakuomba, mwanangu.”

“Haki ya Mungu, anti, naondoka nalo.” Akaweka mkono kifuani.

Nilisoma hadi la thelathini na moja. Mengine hayakupata mtu. Niliyarudisha nyumbani kwa mkokoteni ule ule, na mwili wangu ulikuwa mwepesi kidogo. Moja limerudi kwa mwenyewe. Siku zile tatu, muziki ukinifikia, nilikuwa najiambia kwamba pengine mama alikuwa na haki na mimi na Robert ndio tuliokosea, kwamba wako watu ambao walihitaji tu kuitwa. Nilitaka sana iwe hivyo.

Jumatatu nilikwenda shambani asubuhi na mapema. Chupa, makopo, soksi. Mahema safari hii yalikuwa ishirini na kitu, sikuhesabu. Nilikuwa natafuta moja. Lilikuwa pale pale lilipokuwa mwaka wa kwanza, kati ya minazi miwili iliyoinama, zipu nusu wazi.

“Hodi!” nikasema. Nilijisikia nikisema.

Ndani palikuwa na chupa mbili, taulo lenye mchanga, na kandambili ya mguu wa kushoto. Mvinyo ulikuwa umemwagikia ubavuni, umepita juu ya kiraka cha kisutu. Niliingia nikakaa humo, kwenye hema la watu, nikalia kilio ambacho kwenye matanga sikukilia. Nilimlilia mama, nikalilia jinsi alivyokuwa akikikamua kile kiraka kwa vidole.

Halafu nikalikunja. Siku ile ile nilikwenda kwa Shekhe Uweso nikamweleza habari ya simu, yote, na habari ya wimbo kisimani. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniombea msamaha kwa Mungu, lakini hakuniambia kwamba sikukosea. Nashukuru hakuniambia. Mahema mengine nikawagawia majirani, na leo ukipita Ushongo utayaona yamefunika kuni, mabanda ya kuku, mapaa ya vyoo.

La kijani nililiweka juu ya chumba cha mama, upande wa kitanda, nikalifunga mara mbili. Mvua ya kwanza ya vuli ilikuja mchana, nikiwa nachambua mchele. Niliinuka kwa mazoea, nikachukua mabeseni, nikaingia nayo mbio. Nikasimama. Paa lilikuwa linapigwa kwa nguvu na ndani halikudondoka tone. Kitanda kilikuwa kikavu hadi kwenye kamba zake.

Niliweka mabeseni chini, nikakaa pembeni ya kitanda, upande aliokuwa akilalia.

“Mama,” nikasema, “wameyaacha wenyewe.”

Niliyasema kwa sauti, kama vile nilivyoyapanga siku ile nikikimbilia kisimani. Kisha nikayasema tena, maana mvua ilikuwa na kelele.